Kunja Pindo, Usikate Pazia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na siku yenyewe si ya zamani sana, mama yangu alijishona kidole. Nasema kujishona kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sindano ya cherehani iliingia kwenye ukucha, na uzi mweupe wa sare ya shule ukabaki umepita ndani ya nyama.

Najua utashangaa nakuita mwanangu wakati bado hujazaliwa, na mimi mwenyewe niko Form Three. Lakini mbele ya watu sauti yangu hukauka. Hata kanisani wakinipa tangazo la kusoma, nampa mwenzangu. Nimeona heri nikuandikie wewe, maana kwa sasa huwezi kunicheka. Siku utakaposoma haya nitakuwa mzee wako, na mzee ana haki ya kusema polepole.

Wakati ule tulikuwa tumerudishwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, kutoka Area 49, kule Lilongwe, ambako baba alikuwa na duka dogo na tulipanga nyumba ya matofali ya kuchoma. Kambini tuliachiwa nyumba na familia moja ya kanisa letu iliyosafiri kwenda Kanada. Ni nyumba ya zamani, ya matofali mabichi, ukuta mnene, na ilikuwa imekaa bila mtu mpaka mchwa wakajiona ndio wenyeji. Ilikuwa na mlango mmoja na kitundu kimoja cha hewa. Paka akikaa kwenye kitundu hicho, ndani imekuwa usiku.

Baba na mama waliitengeneza wenyewe. Mama ni mtu wa Fizi, kijijini kule Kongo. Alikanyaga udongo kwa miguu, akauchanganya na nyasi kavu na majivu, akaziba nyufa kwa kiganja huku akiimba. Baba ni mtu wa Bukavu, mtu wa mjini, mtu wa shati lililopigwa pasi. Alibadilisha boriti za paa zilizooza, na kwa kweli alizibadilisha vizuri. Ila vitu vingine vyote alivifanya nusu. Plastiki ya paa aliizuia kwa mawe badala ya misumari. Mlango aliufunga kwa waya badala ya bawaba. Ukimwuliza, jibu lake lilikuwa lile lile: "Hii ni nyumba ya kupita. Siye tuko safari."

Na safari yenyewe ilikaa juu ya mbao, karibu na paa. Ilikuwa valizi ya bluu, sanduku la safari. Ndani yake mlikuwa na vitu vya kule tutakakoenda siku dosie yetu, faili la kuhamishiwa nchi ya mbali, itakapoitwa: suti ya baba, shuka mpya, na mapazia yenye maua ya njano tuliyoyatoa kwenye madirisha ya Area 49. Mama huyaita rido. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa valizi ile, hata kuifuta vumbi.

Basi nirudi kwenye kidole. Mvua ilikuwa inakaribia. Mama alikuwa akishonea barazani, na mvua ikianza baraza lile halikaliki. Ndani ni giza. Na sare za wanafunzi ndizo zilizokuwa zikitulisha, mwanangu; bila sare hakuna nsima, ugali wa hapa. Jioni ile alijaribu kushonea ndani, ndipo sindano ikampata. Alipomaliza kufunga kidole kwa kitambaa, alimwambia baba bila kupandisha sauti:

"Papa Zawadi, nataka dirisha pale."

Zawadi ndiye mimi. Pale ni ukuta wa upande jua linakotokea.

"Mama Zawadi, ukuta hii imezeeka. Tukiitoboa itatuangukia," baba akasema. "Na tena dosie yetu iko inatembea. Tutoboe dirisha juu ya nani?"

"Dosie iko inatembea tangu Zawadi iko anatambaa. Sasa Zawadi iko anapika sombe."

Sombe ni kisamvu, na hakipikwi na mtoto mdogo. Baba akainama kumfukuza kuku aliyekuwa akijikuna.

Hapo ndipo mama mukubwa, dada mkubwa wa mama, alipoingia na bakuli la ndagala, dagaa wa kwetu. Amekaa kambini kuliko sisi wote, na hapigi hodi.

"Shemeki, salama?"

"Salama, shemeki. Karibu ukae."

"Nikae wapi? Siku ile nilikalia kuku yenu." Kisha macho yake yakazoea giza, akaona kidole cha mama, na kitambaa kilichoanza kuwa chekundu. Akaweka bakuli chini.

"Shemeki, mi nakuambia sawa mutoto ya mama yangu. Mutu akiwa ku siteji anangoja minibasi, ikikawia anakaa chini. Anakula karanga, anasalimia jirani. We uko umesimama na muguu moja myaka hii yote. Na muke yako anatoka damu."

Nilitamani ukuta unimeze. Hapa kwetu mtu hazungumzi hivyo na mume wa ndugu yake mbele ya watoto. Nilimwangalia baba. Alikuwa anaitazama valizi. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Miti ya kushika juu ya dirisha tutaipata wapi?"

"Njo hiyo sasa," mama mukubwa akasema, akaketi, na safari hii alipapasa kwanza.

Miti miwili ya mkaratusi ililetwa na kijana wa kabaza, imefungwa kwenye baiskeli, naye akilalamika njia nzima kwamba yeye hubeba watu, si msitu. Baba alimwambia zikomo, asante ya hapa, mara nyingi mpaka akacheka.

Nikueleze namna ya kutoboa ukuta wa udongo, labda siku moja utahitaji. Huanzi na tundu. Kwanza mti wa juu. Mmoja anachimba mfereji upande wa nje, nusu ya unene wa ukuta tu, anaingiza mti, anashindilia mawe na udongo. Ukikauka ndipo mnachimba upande wa ndani, mnaingiza wa pili. Baada ya hapo ndipo mnatoa matofali ya chini. Na anayechimba hawezi kujua ukuta unawaza nini. Lazima awepo mtu upande wa pili, ameweka kiganja, amwambie.

Kwa hiyo baba alikuwa nje na patasi na nyundo, mama ndani na kiganja chake kizima. Hawakuonana. Nilikaa mlangoni nikawasikia wote.

"Inatetemeka?"

"Hapana. Endelea." Kisha: "Papa Zawadi, nyundo yako iko na kasirani."

"Si nyundo."

"Uko na kasirani na nani?"

Nyundo ikapiga, ikapiga, ikatulia. "Na Area 49. Kule tulikuwa na madirisha mazuri."

"Yalikuwa ya mwenye nyumba," mama akasema. "Hii itakuwa yetu."

Nyundo ilirudi, lakini sasa ilikuwa kali zaidi, kama mtu anayetaka kumaliza jambo asilolitazama.

"Simama," mama akasema.

Akapiga tena.

"Papa Zawadi, nimesema simama."

Pigo moja zaidi lilikuwa limekwisha kutoka. Vumbi likashuka kutoka kwenye boriti, na ufa ukapanda juu ya kichwa cha mama, polepole, kama mjusi. Mama hakukimbia. Aligeuka akaegemeza mgongo wake wote kwenye ukuta. Nami, ambaye huwa siwezi hata kuomba chumvi kwa jirani, nilipaza sauti, "Papa, muti!" Nilikimbilia nje, nikabeba mti mmoja kwa upande mmoja, baba upande wa pili, tukausukuma ndani ya mfereji. Baba akashindilia mawe kwa mikono mitupu.

"Mama Zawadi?"

Akaweka sikio ukutani.

"Mama Zawadi, uko?"

"Niko. Inatulia." Kisha akasema, "Nikisema simama, simama."

"Nitasimama," baba akasema. Paji la uso wake lilikuwa limegusa ukuta.

Waliuacha udongo ukauke, na walipoingiza mti wa pili baba aliuliza kila baada ya pigo, hata pale ambapo hapakuwa na haja. Mama alichoka kusema endelea, akawa anagonga tu kwa kiganja. Matofali yalipotolewa mpaka la mwisho kabisa, mwanga uliingia ukaangukia cherehani. Baba akachungulia, kichwa kizima kina vumbi, akagonga ukingo wa dirisha. "Hodi hapa." Mama akampitishia kikombe cha chai kupitia tundu lile, ingawa mlango ulikuwa hatua chache tu.

Kesho yake baba alipanda kwenye kiti, akaishusha valizi. Hakuna aliyemwomba. Akatoa rido moja, akampa mama, akasema, "Vumbi itaingia."

Pazia lilikuwa refu mno kwa dirisha lile. Nikampa mama mkasi. Aliurudisha. Alikunja pindo nene, akalishona kwa mishono mikubwa, ile inayofumuka ukivuta uzi.

"Siku tukienda," akasema, "nitaifungua."

Mvua ilikuja, ukuta ukasimama, mama akashona. Siku za mvua baba hukaa karibu na dirisha akifungua vifundo vya uzi, na mawe ya paa amekwisha kuyabadilisha kwa misumari.

Mwanangu, hapa tulipo watu wengi wanangoja, na kungoja si kosa. Mimi pia nangoja. Lakini ngoja ukiwa umekaa. Tengeneza pale unapolala, hata kama ni pa kupita, na matumaini yako usiyakate. Yakunje, yakae ndani ya pindo. Hata mimi, miezi yote ile, sikuwa nimemwambia msichana wa dawati langu lolote zaidi ya jina, kwa sababu nilidhani tunaondoka. Anaitwa Chisomo. Siku hizi anakuja kwetu kula sombe. Na utakapofanya kazi na mwenzio, akikwambia simama, simama, hata kama unajua kuliko yeye.

Mungu akupe ukuta wa kutoboa, na mtu wa upande wa pili atakayekwambia kweli. Akupe mwanga wa kutosha kutunga uzi. Na siku safari yako itakapoitwa, ikukute umekula, umecheka, na dirisha lako liko wazi. Amina.