Ukucha wa Mpanga Kurasa

Mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji haamini kioo cha kompyuta hata kidogo. Akishaweka fonti za hesabu huchapa ukurasa mmoja, akaugeuza juu chini, akapitisha ukucha mstari kwa mstari akinong'ona, "Kipeuo yupo. Mabano mpo nyote wawili." Mama yake, ambaye shule aliiona kwa nje tu, huketi pembeni akifuma, akijua fika ukucha huo ulikotoka. Ni yeye aliyemfundisha kuchambua mchele kwa ukucha: ukiutazama mchele, jiwe hulioni.

Juzi kilikuwa kitabu cha hesabu cha shule, na msimamizi wa mitambo alikuja juu. "Dada, mitambo inangoja. Unakagua karatasi au unapiga ramli?"

"Kwenye kompyuta yangu fonti zimekaa. Kwenye yako sijaziona."

Mpanga kurasa akaenda mwenyewe chumba cha mitambo, akalifungua faili huko. Kila palipokuwa na kipeuo palikaa kisanduku kitupu, kurasa arobaini nzima. Watoto wangeulizwa hesabu isiyokuwapo. Alizipachika fonti ndani ya faili lenyewe, akachapa upya, akapitisha ukucha, kisha akarudi na karatasi kwa mama yake, msimamizi nyuma.

"Mama, kuna jiwe?"

Mama akaweka ufumaji chini, akafuta mkono kwenye gauni, akapitisha ukucha wake toka juu hadi chini, taratibu, msimamizi akiwa amesimama wima kama mgeni.

"Hakuna," akasema. "Sasa washeni hiyo mitambo yenu."