Mama mkwe na jeshi langu la mezani

Leo mama mkwe amekuta jeshi langu juu ya meza ya kulia, nikakosa pa kujificha.

Mnanijua: mtu mzima mwenye kitambi, bado napaka rangi vijiaskari vya plastiki vya zama za mapanga na farasi, virefu kama kidole, ili tuvipiganishe na wenzangu Jumamosi.

Mke wangu alinionya asubuhi. "Baba Neema, ficha hizo vitu. Mama iko njiani kutoka Bwegera. Atasema aliniozesha kwa mutoto!"

Lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimebandika majani ya bandia chini ya miguu yao. Gundi haijakauka.

Mama akaingia, akasalimia, akaona. Nikangoja kicheko.

Hakucheka. Aliinama mpaka macho yake yakalingana na ya wapanda farasi. Akashusha sauti, kama kwamba wangemsikia:

"Baba Neema. Huu mupunga wanakanyaga ni wa nani?"

Jamani! Kwao Bwegera ni mashamba ya mpunga; mimi majani yale niliyaweka kwa urembo tu. Nimepaka ngao, kofia, hata kwato. Mwenye shamba sikumuwaza hata siku moja.

"Sijui, mama."

"Hujui? Na ni weye uliwaleta!"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikainama kando ya mama. Meza yangu ilikuwa imegeuka nchi, na kuna mtu alikuwa amelima pale.

Sasa namchonga mwanamke mwenye shamba, jembe mkononi, asimame mbele ya farasi wote. Kitenge chake kiwe rangi gani? Semeni upesi.

Mama mkwe amekwisha kuamua: hakuna vita mpaka hao wanaume washuke farasi, wamusalimie mwenye shamba.