Siku Meneja Alipovalishwa Soksi

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama mkwe wangu ameketi uani, amempakata paka wangu, na paka amevaa soksi ya mume wangu.

Soksi ile ndefu ya kuchezea mpira. Imetobolewa, miguu imetokea kwenye matundu, kichwa kiko nje. Paka amelegea, udenda unamtoka.

Nikapiga ukunga.

"Mchawi! Majirani, njooni mwone!"

Ndiyo. Mama mzazi wa mume wangu. Nilimwita mchawi mchana kweupe, hapa hapa Tunduma, mwaka 2009.

Ngojeni kwanza kunitukana, nafasi mtapata.

Mimi ni mtoto wa Mbozi. Kwetu kahawa, nyumba ya tofali za kuchoma, baba mzee wa kanisa. Nikaolewa na Makoye, Msukuma wa Kamsamba, kwao ng'ombe na mpunga. Makoye mwenyewe alishachangamka, ana stoo ya mchele mjini. Lakini mama yake, Mbuke? Khaa!

Alikuja kutibiwa macho, mekundu hayo. Kitanda kipo, yeye analala chini. Anaongea na paka kuliko anavyoongea na watu. Nilimdharau mpaka basi. Nikimtengea chakula, nasonya.

Makoye aliniambia mara moja tu, wala hakupandisha sauti.

"Mama Blessing, siku ukimvunjia mama heshima tena, unarudi Mbozi. Mtoto anabaki."

Blessing alikuwa na mwaka na nusu. Nikashika adabu, ya juu juu.

Wiki hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwangu. Na paka wetu Meneja, mlinzi wa mchele, alikuwa amejaa viroboto. Jirani yangu Conjesta, yule wa kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kila siku na vitenge, akamwangalia akaziba pua.

"Shosti, wageni watakaa na hilo? Paka wa mjini anaogeshwa bwana."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni.

"Paka haogeshwi, mkamwana. Anajiosha mwenyewe. Mchane kwa kitana, na gunia analolalia ulifue, ulianike."

Nikamwangalia kuanzia juu mpaka chini. Mtu wa porini ananifundisha mimi usafi?

Kesho yake alipokwenda hospitali, nikaiona chupa yake chini ya kitanda. Dawa ya josho, ya kuogeshea ng'ombe, alinunua apeleke Kamsamba. Nikawaza, kama inaua kupe wa ng'ombe, viroboto wa paka ni kitu gani?

Nikamimina kwenye ndoo kwa kukadiria. Nikamtumbukiza Meneja. Alinikwaruza mkono mzima, shetani yule. Nikamwachia, akakimbilia juani, akaanza kujilamba.

Nikajiona bonge la mjanja. Nikambeba Blessing mgongoni, huyoo sokoni.

Sasa turudi kwenye soksi.

Ukunga wangu ulijaza ua ndani ya dakika mbili. Mwanaume mmoja alikuja na tofali mkononi. Makoye akafika mbio kutoka stoo.

"Kuna nini?"

"Mama yako anamfanyia paka mambo!" Conjesta akapayuka. "Muone macho yake!"

Makoye akamwangalia mama. Mama akaniangalia mimi. Ndoo ilikuwa miguuni pake, inanuka dawa. Mkono wangu una mikwaruzo mibichi mpaka kwenye kiwiko.

Nikauficha chini ya kanga. Mama aliniona.

Nikajua nimekwisha. Neno moja tu la yule bibi, nalala Mbozi bila mtoto.

"Ni mimi," mama akasema. "Macho yangu hayaoni. Nilimwogesha dawa ya ng'ombe nikidhani sabuni ya maji. Paka akiilamba ile anakufa. Ndiyo nimemsuuza upya kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikamvika soksi asijilambe. Basi."

Halafu kicheko.

"Msukuma akiona paka anaona ng'ombe!"

Mwenye tofali akalitupa, anacheka. Conjesta alicheka mpaka akakaa chini. Makoye aliona haya kwanza, kisha na yeye akacheka.

Na mimi nikacheka. Tena kuliko wote.

Jioni nilimfuata jikoni. Nikashindwa hata kumwangalia usoni.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Blessing bado ananyonya, ng'wanone."

Ndivyo alivyoniita, mwanangu, kwa Kisukuma chao. Siku ya tatu Meneja akapona, akavuliwa soksi, akarudi kwenye mchele wake.

Miaka mitano nimenyamaza. Kila tukienda Kamsamba, Makoye anawasimulia watu jinsi mama alivyomtia paka josho, na mimi nagawa chai huku nacheka. Krismasi iliyopita Blessing naye akadakia.

"Bibi mshamba!"

Mama akatabasamu, akaendelea kupepeta mchele. Nikaweka birika chini, siku hiyo sikucheka.

Sasa nyie mnaouliza humu jukwaani paka aogeshwe mara ngapi kwa wiki, akili mmemwachia nani? Haogeshwi! Mchane, fua anapolalia. Akimwagikiwa na kitu kibaya, oili chafu au dawa, hapo ndiyo umwogeshe, tena upesi, kabla hajajilamba. Sijasoma popote. Nimefundishwa na mshamba niliyemsonya.

Na ukitaka kumcheka mtu wa porini, kagua mikono yako kwanza. Wangu una makovu mpaka leo.

Baba Blessing, najua unasoma humu. Uliniuliza haya makovu, nikasema ni miiba ya michongoma. Aliyemwogesha Meneja ni mimi. Ukisema nirudi Mbozi, nitarudi, begi nimeshafunga.

Ila Krismasi hii, mbele ya wale wale, mwambie mtoto ukweli kuhusu bibi yake.