Maji Aliyoyasingizia Judica

Judica Rutashobya ndiye msichana wa kwanza wa kijiji chao, huko Muleba, kusomea kemia chuo kikuu, na watu walimwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Alirudi nyumbani na utafiti wake: vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maabara, vinavyong'aa kijani ndani ya kifaa cha mkononi. Maji yakiwa na zebaki, DNA huinasa, hujikunja, na mwanga hufifia. Alipima ziwa kule Kemondo, akapima vijito, mwanga haukutikisika. Alipofika chemchemi ya kwao, chupa safi za maabara zilikuwa zimemwishia, akachota kwa dumu la nyumbani. Mwanga ukazimika kama kibatari kilichopulizwa.

Hakurudia kipimo. Jumapili, misa ilipokwisha, aliomba nafasi akasema, "Chemchemi yetu ina zebaki. Msinywe."

Aliyeitunza chemchemi ile ni Kokwijuka, mjane aliyewauzia wapita njia chai na ndizi kando yake. Benchi zake zikabaki tupu. Wanawake wakaanza kuteremka na ndoo hadi ziwani. Kisha ukazuka mnong'ono: marehemu mumewe, Bartholomayo, aliwahi kuchimba dhahabu, ambayo wachimbaji huisafisha kwa zebaki; bila shaka ndiye aliyeimwaga zebaki pale.

Judica aliposikia hayo, alichota upya kwa chupa safi, akapeleka maji Bukoba yakapimwe kwa mtambo mkubwa. Hayakuwa na zebaki hata chembe. Akarudi mbio kwa baba yake.

"Baba, dumu lile mlikuwa mnawekea nini?"

"Mrututu wa kunyunyizia kahawa. Kwani hukujua?"

Mrututu una shaba, na shaba nayo huishika DNA na kuuzima mwanga. Jambo hilo Judica aliwahi kuwaeleza wenzake darasani, tena kwa madaha. Alikaa chini pale jikoni, uso ukimwaka, asiweze kumtazama baba yake.

Alimkuta Kokwijuka akimenya ndizi. Akapiga magoti, akaanza kwa neno la heshima la Kihaya.

"Waitu mama, nilikosea. Maji ni salama. Kosa ni langu."

Kokwijuka hakuacha kumenya. "Maji umeyasafisha. Na mume wangu je? Yuko kaburini, wanasema alitia watu sumu. Kifaa chako kitamsafisha yeye?"



Jumapili iliyofuata alisimama palepale kanisani. Alieleza habari ya dumu, ya mrututu, na ya haraka yake. "Marehemu Bartholomayo hakumwaga kitu. Aliyekosea ni mimi." Mtu mmoja nyuma akacheka. Wengine waliinamisha vichwa, maana nao walikuwa wamenong'ona.

Baadhi walirudi kuchota. Wengine hawajarudi mpaka leo. Judica akija likizo hupita kwa Kokwijuka kunywa chai, na Kokwijuka humwekea kikombe mezani, kisha humgeukia mteja mwingine.