Siku Nilipokoroga Maziwa ya Popo

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana mkasa huu Rehema ameshausimulia kila kona ya Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou, na kila akiusimulia ananiongezea bakuli moja, kwa hivyo leo nausema kwa mdomo wangu, na aibu yangu yote, na atakayecheka acheke akijua mimi bado sijapona.

Mimi ni mtoto wa Nyahururu. Kwetu muziki wa country unapigwa harusini, unapigwa baa, unapigwa hata kwa kinyozi, na baba yangu, ambaye Marekani anaiona kwenye kalenda tu, ana kofia pana ya wachunga ng'ombe anayoivaa kwenda kununua mkate. Kwa hivyo nilipokuja Guangzhou kusoma, na siku moja nikasikia banjo ikilia ndani ya duka la viatu vya jumla kule Guangyuan Xilu, nilisimama katikati ya njia ya wabeba marobota mpaka mmoja akanisukuma kando. Mpigaji alikuwa mwenye duka, Jun, tunayemwita laoban kama tunavyowaita wenye maduka wote, na bluegrass (ule muziki wa milimani huko Marekani, wa banjo na fidla, unaokimbia kama mbuzi aliyekata kamba) alijifunza kwenye simu akingoja wateja. Nikamwambia mimi naimba. Rehema, msichana wa Tanga ninayekaa naye hosteli, anapiga fidla. Bendi ikapatikana hapohapo, mbele ya ndala.

Tulichokosa ni pa kupigia. Hosteli walitutimua, na pale bustanini Liuhua spika za kina mama wanaocheza dansi zilitumeza wazimawazima, hakuna aliyejua kama tumeanza au tumemaliza. Tulikuwa karibu kukata tamaa, na mimi nawaambia kweli, bila ule muziki Guangzhou ingenishinda. Ndipo Jun akasema bibi yake ana duka la maziwa ya tangawizi kwenye mji mdogo wa Shawan, na nyuma ya duka kuna ua mkubwa. Twende Jumapili tukapige, bibi akiridhika, ua ni wetu kila mwezi.

"Lakini rafiki, sikiliza," akasema kwa kile Kiswahili chake alichookota kwa wateja. "Popo muziki hajui. Popo angalia adabu."

(Popo ndiyo bibi kwa lugha yao, na Rehema amenikataza kumweleza Jun maana yake kwetu.)

Jumapili ikafika, tukapanda treni ya chini ya ardhi halafu basi, na nawaambia, Shawan niliipenda kabla sijashuka vizuri. Vichochoro vya mawe, nyumba kuukuu zenye kuta za makombe ya chaza, wazee wamekaa vibarazani na vizimba vya ndege, na kila mlango unanuka tangawizi. Nikajihisi nyumbani. Na hilo ndilo lililoniponza, kujihisi nyumbani!

Popo alikuwa bibi mdogo wa mwili, mkavu, hatabasamu ovyo. Alinipeleka jikoni, akaniacha nitazame. Bakuli zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na maji ya tangawizi kidogo chini, naye akawa anamimina maziwa ya moto ya nyati wao wa kufugwa, kutoka juu, shwaa, bila kumwaga tone. Akamaliza, akanionyesha kiganja (sasa najua alimaanisha nisiguse, wakati ule nilidhani ananiambia nisubiri kidogo), akatoka kwenda kupokea majirani aliowaalika.

Nikabaki na maziwa. Nikachungulia bakuli la kwanza, nikaona tangawizi imelala chini na maziwa yako juu. Sasa niambieni, nyinyi mliolelewa, mgeni anapewa kitu cha moto ambacho hakijakorogwa? Mama yangu angenifinya mbele za watu. Nikasema hapahapa ndipo adabu inapoonekana, nikatafuta kijiko, nikakoroga. Nikakoroga bakuli zote, kwa moyo mmoja, huku nikiimba ubeti wa kwanza kupasha sauti.

Rehema akaingia, akaniona na kijiko, akashika kichwa.

"Njeri! Umefanya nini, mwenzangu?"

"Nawakorogea wageni."

"Hayakorogwi hayo, Jun kaniambia! Yanaachwa yagande yenyewe, mpaka uweke kijiko juu kisizame!"

Akakitwaa kijiko akakiweka juu ya bakuli. Kikazama chubwi, na moyo wangu nyuma yake.

Tukatazama sufuria, bado lilikuwa na maziwa, na tangawizi iliyokamuliwa ilikuwepo. Popo angeweza kumimina upya, ila bakuli zilihitajika tupu. Rehema akaniambia mwaga haraka. Nikanyanyua bakuli, nikafika kwenye sinki, mkono ukagoma. Kwetu maziwa hayamwagwi. Afadhali nimwage damu. Basi nikayanywa.

"Ukilikoroga utalinywa," Rehema akasema, akakaa kwenye kigoda kunitazama vizuri, wala hakunisaidia hata bakuli moja.

Nikanywa la kwanza, tamu. La pili, tamu kiasi. La tatu tangawizi ikanishika koo, machozi yakaanza kutiririka, nami nikaendelea, na nilikuwa na bakuli la mwisho mdomoni, masharubu meupe mpaka puani, Popo alipoingia na Jun nyuma yake.

Popo akatazama meza, akanitazama mimi, akasema maneno machache.

"Rafiki," Jun akatafsiri, masikio yamemwiva, "Popo anauliza, chuoni chakula meiyou? Hakuna kabisa?"

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini nilikuwa mzito, ningeiziba. Popo akamimina upya, safari hii mwenyewe akisimama mlangoni kama askari, na yalipoganda akabeba bakuli la kwanza, kubwa kuliko yote, akalipitisha mbele ya majirani na kuniwekea mimi, mwenye njaa. Wote wakanigeukia wanione nikila. Ningekataaje? Nikala lote, tena nikalamba kijiko.

Ndipo Jun akapiga banjo.

Tulianza vizuri, wallahi, wazee wakagonga miguu, mpaka tukafika pale sauti inapopanda juu kabisa na ala zote zinanyamaza kumpisha mwimbaji. Nikafumba macho, nikafungua kinywa, na badala ya sauti ikatoka mbweu. Ndefu. Ya tangawizi. Na Jun alikuwa amekodi spika nzuri! Ndege walikurupuka vizimbani, fidla ya Rehema ikasahau kurudi, nami nikafumbua macho nikamwona Popo ananitazama, nikajua ua umekwenda.

Popo akaanza kutikisika mabega. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaishika meza, ua mzima ukalipuka, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akanijibu kwa mbweu yake. Popo akajifuta machozi, akasema kitu.

"Anasema," Jun akatafsiri, "mwezi ujao imba kwanza, kula baadaye."

Mwezi ujao! Nilimkumbatia Popo, akanipiga kofi la mgongo, mbweu ya pili ikatoka.

Tumeshapiga mara nyingi pale. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamwomba Jun anisaidie kumwambia Popo ukweli, kwamba sikuwa na njaa, niliyakoroga. Popo hakuacha hata kumenya tangawizi. Alisema aliniona kupitia dirisha nikikoroga, lakini alipofika mlangoni nilikuwa nimeshamaliza zote, basi akasimama palepale aone kama nitamwaga maziwa yake.

Tangu siku ile ya bakuli nimeapa, chombo cha mtu sikigusi tena kwa kijiko. Krismasi nilikwenda nyumbani, nikawapa wageni chai bila kuikoroga, na mama akaniuliza mbele yao kama adabu niliyoondoka nayo nimewauzia Wachina kwa jumla au kwa rejareja.