Mlima Nilioutoa kwa Shairi

Mimi Josaphat ni fundi wa nguo hapa Butembo, na nimejaza daftari saba za mashairi mabaya. Simwombi mtu radhi. Wenzangu ujana wao waliumalizia kwenye mpira, wakavunjika miguu. Mimi nilivunja vina tu, na kina kikivunjika hakipelekwi hospitali.

Nikiwa sekondari niliandika kwa Kifaransa kuhusu theluji, niliyowahi kuiona kwa mbali tu, siku milima ya Ruwenzori ilipojifunua asubuhi kule Beni. Baadaye nikaja kwenye Kiswahili na mapenzi, na hapo ndipo shairi moja lilipotaka kunikosesha mke.

Mwaka 2011 nilipata kazi ya kushona sare za kwaya moja ya Mulekera, Beni. Kavugho alikuwa mwimbaji wa kwaya hiyo. Nilikosea vipimo vyake mara mbili, makusudi, ili arudi. Mara ya tatu aliniambia, "Fundi, kama unataka kuniona, sema. Usiharibu kitambaa ya kanisa." Nikasema. Naye akanijibu nipeleke barua kwao.

Kwetu posa huanza kwa barua ya familia, ndipo mbuzi wafuate. Baba yangu, Melchior, alisoma madarasa mawili tu, kwa hiyo aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo 'njo' ni 'ndiyo', "Wewe njo unajua maneno. Andika, miye nitatia sinyatire." Hapo ndipo nilipopotea. Badala ya barua nikaandika shairi la mistari kumi na minne. Niliahidi kumpa Kavugho mlima wa baba zangu pamoja na chemchemi yake, kumbeba mgongoni mpaka Kyavinyonge kando ya ziwa, kumvulia samaki wote wa ziwa hilo, na kutomkasirikia hata siku moja. Baba akatia jina lake chini bila kuuliza, maana aliniamini.

Baada ya wiki mbili jibu likaja. Wazee wa Kavugho walishukuru, wakataja mbuzi kama kawaida, kisha wakauliza ni lini waje kupima ule mlima.

Dada yangu alipomsomea baba hayo, baba alikula peke yake siku mbili. Afadhali angenipiga. Mlima wetu si mali ya mtu mmoja. Ni wa babu na ndugu zake, na wengine wamezikwa humo. Sasa jina la baba lilikuwa chini ya karatasi inayoutoa. Tukikataa, sisi ni waongo na posa imekufa. Tukikubali, ukoo unatufukuza. Siku ya tatu baba akasema, "Tunaenda Beni. Utakula maneno yako moja moja mbele yabo."

Njia nzima nilijiona tayari sina mke.

Tulipokelewa na baba yake Kavugho, Mzee Syauswa. Msemaji wao alikuwa mdogo wake, Zorobabel, karani mstaafu aliyekuja na kalamu nyekundu. Kavugho alikaa mkekani pamoja na shangazi zake. Zorobabel alivaa miwani, akaishika karatasi yangu, akaanza na mstari wa juu kabisa.

"Hii mulima ni ya wewe?"

"Hapana, baba. Ni ya babu na bandugu yake."

"Donc, basi, hauwezi kuipana." Akaufuta mstari huo kwa ile kalamu.

"Utamubeba Kavugho mugongo mpaka Kyavinyonge?"

Nikamtazama Kavugho, ambaye ananizidi kimo na uzito. "Hapana, baba." Shangazi zake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Huo nao ukafutwa, na ziwa na samaki wake wote.

Nikajaribu kujitetea. "Baba, ile ni poésie, ni shairi tu. Mutu anasema kubwa juu moyo iko kubwa."

"Moyo ikuwe kubwa, ni muzuri," Zorobabel akajibu. "Mais, lakini, sisi tunaozesha mutoto kwa mutu, hapana kwa shairi. Na huku umeandika hautamukasirikia hata siku moja. Ni kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Baba yangu akakohoa.

"Nitamukasirikia, baba."

Akaufuta bila hasira. Kalamu iliposhuka hadi mwisho, mistari miwili ilikuwa imesimama peke yake: nitakungoja barabarani ukitoka shamba, mzigo wako nitaupokea.

"Hii utaiweza?"

"Hii naiweza, baba."

Mzee Syauswa akamgeukia binti yake, kwa sababu neno la mwisho huulizwa kwa msichana. "Kavugho, mistari ni mbili tu njo imebakia. Tupokee mbuzi ao tuache?"

Kavugho aliichukua karatasi, nyekundu yote kama shingo ya kuku aliyechinjwa, akaisoma taratibu.

"Mupokee," akasema. "Ile ya mulima, niliisoma nikajua anapenda kuandika. Hii ya muzigo, njo ananipenda miye."

Nikalia mbele ya wakwe zangu, mwanamume mzima, wala sikuona haya. Mwezi uliofuata tuliteremsha mbuzi Beni. Hadi leo Kavugho akitoka shamba ananikuta barabarani, hata zile siku ambazo hatusemezani.