Jembe Juu ya Tuta

Ezron, msimamizi wa ujenzi wa barabara, alimvunja Nyanzobe mkono kwa mpini wa sururu, na kwa kumvunja mkono akamuua mumewe. Haya yalitendeka kijijini Msangano, masika ya mwaka 2007, mchana kweupe, watu wakitazama.

Nyanzobe na mumewe Ndalahwa walikuwa wamehamia bondeni na ng'ombe wao miaka kumi kabla. Barabara ilipoanza kuinuliwa kwa tuta la udongo, Nyanzobe alimpeleka Ezron kwenye mti wa mgunga, akamwonyesha nyasi kavu zilizonasa matawini, juu kuliko kichwa cha mtu.

"Maji hufika hapa, shemeji. Hayo makalavati yako mawili hayatoshi. Weka daraja."

Ezron akacheka. "Nenda kachunge, mama. Hicho ni kiota cha ndege."

Kesho yake mgunga ukakatwa, ukawa kuni za vibarua.

Mvua ilipokuja, mto ulibeba magogo na mizoga ya ndama, ukaziba makalavati, yale matundu ya kupitisha maji chini ya tuta. Tuta likawa bwawa, maji yakaingia zizini. Ndalahwa akashuka kwenye mdomo wa kalavati kung'oa magogo. Gogo moja likamgeukia, likambana kiuno ukutani, maji yakiwa kifuani.

"Kata barabara, Nyanzobe," alimwambia. "Kata upesi, maji yapungue."

Akapanda juu ya tuta na jembe, akakata. Mfereji ulikuwa umefika kina cha goti, na maji yameanza kuvuka, alipotokea Ezron na vibarua watatu.

"Mlikuja na ng'ombe mkala mashamba. Sasa mnakula na barabara?"

"Mume wangu yumo humo chini. Tazama."

Ezron hakutazama. Mpini wa sururu ulimshukia Nyanzobe begani, ukarudi tena, mkono ukavunjika kama bua la mtama. Vibarua walimkanyaga mgongoni, uso wake topeni, wakaufukia mfereji kwa jembe lake mwenyewe. Alimsikia Ndalahwa akimwita kwa jina. Akamsikia akikohoa maji. Kisha hakusikia kitu.

Jioni tuta lilipasuka lenyewe, hatua arobaini kutoka pale. Mkutanoni Ezron alisema barabara imevunjwa na mwanamke, na mwenyekiti wa kijiji akaandika hivyo. Miaka mitatu baadaye likajengwa daraja la matundu sita, na Ezron akapigiwa vigelegele.

Nyanzobe hataki ng'ombe wa fidia wala pole ya mtu. Ezron anadaiwa maneno: asimame mbele ya kijiji, aseme mfereji aliufukia yeye, na Ndalahwa alikuwa bado hai. Mwenyekiti naye anadaiwa kuyaandika.